John Boyd Dunlop na tairi linalopungua upepo

Wanachuo wenzangu, ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, ukapita Kiluvya, Maili Moja na Visiga mpaka Mlandizi, kuna alama moja ambayo haihitaji maandishi. Ni tairi kuukuu lililosimamishwa kando ya barabara. Hapo kuna fundi pancha. Upande wa Kisarawe mambo ni hayo hayo. Ukimaliza kupanda vilima vya Pugu unaikuta alama hiyo mjini, na unaikuta tena ukishika njia ya kwenda Maneromango. Fundi ana beseni la maji, pampu au kompresa, kipande cha msasa, gundi ya solusheni na viraka.

Wengi tunadhani kazi yake kubwa ni matairi yaliyopasuka. Siyo hivyo. Mteja wake wa kila siku ni yule ambaye tairi lake lilijazwa jana jioni, leo asubuhi limelala nusu. Halijapasuka na wala halitoi sauti. Linapungua upepo taratibu tu. Dereva anaongeza upepo, anasema ataliziba akipata nafasi, anaondoka. Kesho anarudi kuongeza tena. Wapo wanaokomaa na tairi la namna hiyo mwezi mzima, na hao hao ndio wanaotupakia mimi na wewe tukiwahi vipindi.

Sasa hivi unajua ni nani aliyetuletea huu utaratibu wa kutembea juu ya upepo? Jina lake umeliona mara nyingi, limeandikwa ubavuni mwa matairi. Ni Dunlop. Lakini kabla ya kuwa jina la kampuni, Dunlop alikuwa mtu, tena daktari wa mifugo, na maisha yake yanaeleza vizuri sana kwa nini tundu dogo lina gharama kubwa.

Daktari wa mifugo

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika shamba la wazazi wake kijijini Dreghorn, magharibi mwa Scotland. Aliambiwa kwamba alizaliwa kabla ya wakati, kwa hiyo maisha yake yote alijiona mtu mwenye afya ya wasiwasi na alijitunza kama yai. Kumbe mwili wake haukuwa dhaifu hivyo, maana alifika miaka 81.

Alisomea udaktari wa mifugo Edinburgh na kufuzu akiwa na miaka 19. Yaani katika umri ambao wengi wetu tunajaza fomu za mkopo, yeye tayari alikuwa na cheti cha kazi. Alifanya kazi Scotland kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1867 akahamia Ireland. Alianzia Downpatrick pamoja na ndugu yake, baadaye akahamia mji wa Belfast. Kazi yake ilikua mpaka ikawa miongoni mwa zile kubwa kabisa katika eneo hilo. Alikuwa na wasaidizi, na alikuwa na mafundi wa kuvisha farasi viatu vya chuma.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha barabara. Daktari wa mifugo wa zama zile alishinda njiani, kwenye mkokoteni wa farasi, akienda shamba moja hadi jingine. Magurudumu yalikuwa ya mbao yenye pete ya chuma, na mitaa ya Belfast ilitandikwa mawe. Mtu aliyewahi kusafiri juu ya tela la trekta kwenye makorongo ya vijijini Kisarawe baada ya mvua za masika ataelewa bila maelezo zaidi. Mtikisiko ulimchosha abiria, ulimchosha farasi, ukaharibu na chombo chenyewe. Dunlop akawa anawaza namna ya kuupunguza muda mrefu kabla ya kugusa baiskeli.

Baiskeli ya mtoto

Mwaka 1887 mwanawe wa kiume, Johnny, alikuwa na umri wa miaka tisa na alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Magurudumu yake yalivishwa mpira mgumu usio na kitu ndani. Juu ya yale mawe mtoto alikuwa akitikisika vibaya. Baba akaingia kazini.

Alichukua ubao wa duara wenye upana wa karibu sentimeta 96. Akatengeneza mrija wa mpira mwembamba, akauzungusha kwenye ukingo wa ubao, akaushika kwa kitambaa cha kitani kilichopigiliwa misumari midogo, kisha akaujaza upepo. Baada ya hapo akafanya jaribio ambalo mtoto yeyote wa mtaani anaweza kulirudia. Aliondoa gurudumu moja la baiskeli ya Johnny, akalisukuma likaviringika uani. Halikufika mwisho wa uwanja, likaanguka. Akalisukuma lile duara lenye upepo. Likaenda mpaka mwisho, likagonga nguzo ya lango, likarudi.

Hapo akajua kwamba ana kitu. Upepo haukuwa mto wa kukalia tu. Gurudumu lenye upepo linaviringika kwa urahisi zaidi kwenye njia mbovu, kwa sababu likikutana na jiwe linabonyea na kulipita, badala ya kunyanyua chombo kizima. Mwanzoni mwa 1888 baiskeli ya Johnny ilikuwa na matairi ya upepo kwenye magurudumu ya nyuma. Mwezi Julai mwaka huo Dunlop aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, na tarehe 7 Desemba 1888 akapewa.

Uvumbuzi wenyewe ulipata umaarufu kwenye michezo ya chuo. Mnamo tarehe 18 Mei 1889 Queen's College ya Belfast, ambayo leo ni Queen's University, ilifanya siku yake ya michezo. Nahodha wa klabu moja ya baiskeli mjini hapo, Willie Hume, alileta baiskeli yenye matairi ya Dunlop. Yalikuwa manene, na waliozoea yale membamba waliyaona ni kichekesho. Hume hakuwa bingwa wa kutisha. Siku ile alishinda mashindano yote manne aliyoingia. Kicheko kikaisha hapo hapo.

Tundu la kwanza lilikuwa kwenye karatasi

Miongoni mwa walioshindwa na Hume walikuwamo vijana wa mfanyabiashara wa Dublin aitwaye Harvey du Cros. Baba yao aliona fursa. Mwaka huo huo wa 1889 kampuni ikaundwa Dublin, du Cros akiwa mwenyekiti. Dunlop alikabidhi haki za hataza yake kwa kampuni na kupata hisa. Hadi hapo mambo yalikuwa mazuri.

Kisha likaonekana tundu. Kabla miaka miwili haijatimia vizuri, Dunlop aliarifiwa rasmi kwamba hataza yake haina nguvu. Kumbe Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa ameandikisha wazo la tairi la upepo mwaka 1845, akiwa kijana wa miaka 23. Thomson alifunga matairi hayo kwenye magari ya farasi na kuyaonyesha hadharani London. Lakini baiskeli zilikuwa bado hazijaenea, magari yenye injini hayakuwapo, na mpira mwembamba ulikuwa ghali. Wazo likafifia. Thomson alifariki mwaka 1873, watu wakalisahau. Dunlop hakuwa amesikia habari zake.

Hapa naomba tutulie kidogo, hasa wale wa uhandisi na wenye miradi ya ubunifu. Dunlop hakuiba. Alivumbua kwa akili yake na kwa mikono yake. Lakini sheria ya hataza haiulizi kama ulijua. Inauliza kama kitu ni kipya. Kwetu Tanzania Bara anayesajili hataza ni BRELA, na leo kumbukumbu za hataza za nchi nyingi zinatafutika kwa simu uliyoishika mkononi. Mtu anayekaa mwaka mzima na mradi bila kutafuta nani alitangulia anaendesha kwenye tairi ambalo hajalipima.

Kampuni haikufa. Du Cros alijua kwamba hataza moja ikivuja unahitaji nyingine. Akanunua haki za wavumbuzi wengine waliokuwa wamerekebisha mapungufu ya tairi la Dunlop. Na mapungufu hayo, msomaji, ndiyo yanatupeleka moja kwa moja kwa fundi wetu wa Maili Moja.

Saa tatu za kuziba pancha

Tairi la kwanza la Dunlop lilikuwa zuri likiwa zima. Likipata pancha lilikuwa mateso. Lilikuwa limegandishwa kwenye rimu kwa gundi na vitambaa. Ili kufikia tundu ilibidi ubandue kila kitu, uzibe, ubandike upya, usubiri gundi ikauke. Mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja aliyepata pancha alifika kwenye kiwanda cha ndugu wawili wa Michelin mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kuziba kulichukua saa tatu na kukausha kulichukua usiku mzima. Kesho yake kiraka hakikudumu. Ndugu wale wakaona kasoro, na mwaka 1891 wakatoa tairi la baiskeli linaloweza kuvuliwa. Mwaka huo huo Charles Terront alilitumia kushinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi.

Uingereza nako, mwaka 1890 Charles Kingston Welch alibuni tairi lenye waya ndani ya ukingo wake, linaloshika rimu bila gundi. Ndiyo maana leo fundi anaweza kulivua tairi kwa vyuma viwili na nguvu za mikono. Kiraka chenyewe kina baba mwingine, Charles Goodyear wa Marekani, ambaye mwaka 1839 aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa joto unakuwa imara, hauyeyuki juani wala haupasuki kwenye baridi. Fundi anapochoma kiraka kwa chuma cha moto anatumia kanuni ile ile. Goodyear alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni makubwa, na kampuni yenye jina lake ilianzishwa miaka 38 baada ya kifo chake na watu ambao hawakuwa ndugu zake. Dunlop, kwa hiyo, ana mwenzake.

Sasa tairi lako linapungua upepo taratibu. Ufanye nini?

Kwanza, pima badala ya kupiga teke. Upepo upimwe kwa geji asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata moto kipimo kinapanda na kukudanganya. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi pembeni mwa mlango wa dereva. Kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wake, siyo kiwango cha gari lako. Ukiona tairi moja linashuka kila baada ya siku chache wakati mengine matatu yametulia, usibishane nalo. Linavuja.

Pili, tafuta linapovujia. Msumari uliozama ndio wa kwanza kushukiwa, na barabara yenye malori mengi kama ya Morogoro haina upungufu wa vyuma. Lakini mara nyingi msumari ukiwa bado umo ndani unaziba tundu lake wenyewe, na upepo unatoka kidogo kidogo. Ndiyo maana ukiuona usiung'oe ukiwa mbali na fundi. Sehemu ya pili ni valvu. Ule ulimi mdogo wa ndani ukichoka au ukiingia vumbi haufungi vizuri. Paka mate au maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu, povu likitokea umepata jibu. Kubadilisha ulimi huo ni kazi ya dakika chache. Sehemu ya tatu ni ukingo ambapo tairi linakutana na rimu. Kutu, vumbi gumu, au rimu iliyopinda kwenye shimo la barabara vinatosha kupitisha upepo. Hapo kiraka hakisaidii. Tairi livuliwe, rimu isuguliwe au inyooshwe.

Tatu, ziba ipasavyo. Kwa tairi lisilo na mpira wa ndani, uzi wa mpira unaochomekwa kutoka nje ni msaada wa kukufikisha. Kiraka kinachobandikwa kwa ndani, baada ya fundi kukagua tairi lote, ndiyo dawa. Na tundu likiwa ubavuni, usizibe. Ubavu unajikunja kila gurudumu linapozunguka, kiraka chake hakina uhakika. Hilo ni tairi la kuagana nalo.

Kwa nini tusiendelee tu kuongeza upepo? Kwa sababu tairi lenye upepo pungufu linajikunja kupita kiasi, na mpira unaojikunja mfululizo unatoa joto. Joto linachosha nyuzi za ndani. Kwa mwendo wa mjini unaweza usione kitu. Shida inakuja gari likishika kasi kuelekea Chalinze, jua kali, abiria wamejaa. Tairi lililokuwa likivuja kimya kwa wiki tatu linapasuka kwa sekunde moja, na watu wanasema ni bahati mbaya. Kwa bodaboda ni hatari zaidi, maana ina matairi mawili tu, na la mbele likiisha upepo dereva hana tena cha kushikilia. Kwa hiyo ukipanda bodaboda, tupia jicho tairi kabla ya kukaa. Ukiona limelala, mwambie dereva kwa heshima: kaka, tupitie kwa fundi kwanza.

Mpira ulitoka wapi

Habari ya Dunlop isipogusa mpira wenyewe inakuwa nusu. Baiskeli zilipoenea Ulaya na Marekani miaka ya 1890, na magari yakafuata, mahitaji ya mpira yalipanda kwa kasi. Mashamba ya Asia yalikuwa bado hayajakomaa, kwa hiyo mpira ulitoka porini. Huko Kongo, chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, wanakijiji walilazimishwa kuleta mpira wa mitoro kwa kiwango kilichopangwa, na waliopungukiwa walipigwa, kufungiwa wake zao, kukatwa mikono na kuuawa. Hali hiyo ilidumu mpaka kelele za dunia zilipomnyang'anya mfalme nchi hiyo mwaka 1908.

Pwani yetu nayo ilichuma mpira wa mitoro kwenye misitu na kuuza kwa wafanyabiashara wa bandarini. Baadaye Wajerumani walianzisha mashamba ya mpira, hasa upande wa Tanga na Morogoro, kwa nguvu za vibarua wa Kiafrika. Mwaka 1913 bei ikaporomoka kwa sababu mpira wa Asia ulikuwa umefurika sokoni, na mashamba mengi hayakuwa na thamani tena. Dunlop hakutuma mtu Kongo. Hata hivyo, ule mrija aliouzungusha kwenye ubao kwa ajili ya mwanawe ulivuta kamba ndefu iliyofika mpaka misituni kwetu.

Jina lilibaki, mtu akaondoka

Mwaka 1895 Dunlop alijiuzulu kwenye kampuni. Mwaka uliofuata, 1896, du Cros na wenzake waliiuza kwa paundi milioni 3, na mnunuzi akaigeuza na kuiuza kwa umma kwa paundi milioni 5. Huyo daktari hakuwamo tena ndani ya neema hiyo. Kampuni ikachukua jina la Dunlop wakati Dunlop mwenyewe ameshatoka. Yeye alibaki Dublin akiishi kwa utulivu, na fedha zake akaziweka kwenye biashara ya duka la nguo. Hakufa maskini, lakini utajiri uliotokana na tairi uliwaendea wengine.

Alifariki nyumbani kwake Dublin tarehe 23 Oktoba 1921. Kufikia wakati huo magari yalikuwa yamejaa barabara za Ulaya, mengi yakitembea juu ya upepo.

Ukiyaangalia maisha yake utaona hakupoteza kwa kishindo. Hakuna siku moja ambayo unaweza kuonyesha kwa kidole ukasema hapa ndipo alipoanguka. Hataza ilikosa nguvu, haki zikaenda kwa kampuni, hisa zikapungua, kiti akakiacha. Kila hatua ilikuwa na sababu yake na kila moja ilikuwa ndogo. Wenye akili ya biashara waliomzunguka walikuwa wanaziba matundu yao mapema, yeye alikuwa anawaza gurudumu.

Kwetu sisi faida ni mbili. Wenye wazo jipya, tafuteni kumbukumbu za hataza kabla hamjalitangaza, na someni mkataba kabla hamjatia sahihi. Na sote tunaopita Kibaha na Kisarawe kila mwisho wa muhula, tairi likipungua upepo mara ya pili kwa wiki moja, liende kwa fundi siku hiyo hiyo. Anayo beseni na maji. Atalizamisha, mapovu yatatoka, na tundu litajulikana.